Shamba Lilipoachwa Jeupe

Jirani yangu huwasha dawa ya mbu, ile ya kujikunja kama konokono, kila jua linapozama. Moshi wake huingia dirishani kwangu bila kupiga hodi. Wapangaji wengine wanamlalamikia, wanakohoa makusudi ili asikie. Mimi huvuta kiti nikasogea karibu na dirisha. Ndani ya moshi ule kuna pareto, na pareto kwangu ni Baba, ni Dada Eliza, ni ukuta mmoja wa ukumbi wa shule kule Kihesa ulioachwa mtupu kwa sababu ya maneno yangu.

Majuzi nilialikwa kwenye harusi mjini. Mpambaji alikuja na gari lake, akashusha vitambaa vyake, akatundika maua yake ya plastiki, na kabla hatujamaliza kula alikuwa amesimama pembeni akitazama saa, anataka kuvibandua avipeleke kwingine. Nilimwuliza bibi harusi anaitwa nani. Hakujua. Sikumlaumu, kazi ni kazi, lakini nilirudi nyumbani nikifikiria ukumbi mwingine. Sisi tulipamba harusi ya dada yangu kwa mikono yetu, na kila kilichoning'inia ukumbini siku ile tulimjua mwenyewe.

Kwetu ni milimani Kilolo, mahali ambapo ukungu unaamka kabla ya watu na unachelewa kuondoka. Tulilima mahindi na njegere za kula, na pareto ya kuuza. Mtu asiyeijua pareto akiiona shambani ataisifu, maana ni ua jeupe lenye kitovu cha njano, zuri kabisa. Sisi hatukuwahi kuliona kuwa ni zuri. Lilikuwa kazi. Tulilichuma asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, na sheria ilikuwa moja: unachuma kichwa tu. Ukiacha kikonyo, hata cha urefu wa kucha, Mama alikuchapa kofi la mkono hapo hapo. "Kikonyo hakinunuliwi," alisema. Nilijua sheria hiyo kabla sijajua sala ya Baba Yetu.

Na kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuna aliyetufundisha, tulikua nalo tu. Shamba la pareto la mtu mwenye akili zake halikai jeupe. Maua yakifunguka yanachumwa, kwa hiyo ukipita unaona kijani, na weupe kidogo hapa na pale. Ukiona shamba limekuwa jeupe lote, ujue nyumba ile ina neno. Mzee mmoja wa bonde la pili alipofiwa na mkewe, shamba lake lilikuwa jeupe mpaka likageuka kahawia, na sisi watoto tukawa tunapita njia ile tukikimbia. Tangu hapo, kichwani mwangu, weupe wa shamba na kifo vilikuwa kitu kimoja.

Dada Eliza alikuwa mwalimu Iringa mjini. Alikuwa ananipita kwa umri mwingi sana, kiasi kwamba alinibeba mgongoni kabla Mama hajapata nguvu za kunibeba baada ya kujifungua. Huko mjini akampata Ambokile, kijana wa Kinyakyusa, fundi wa mitambo, mpole, anayeinama kidogo anaposalimia kana kwamba milango yote ya dunia ni mifupi. Alikuja nyumbani na wazee wake. Kila mtu alimpenda isipokuwa Baba.

Si kwamba Baba alimchukia. Shida yake ilikuwa Mbeya, kwao Ambokile, ambako Dada angehamia. Dada yake mkubwa aliolewa huko huko upande wa Mbeya zamani, barabara ikiwa mbaya na barua zikitembea kwa miguu. Habari za kifo chake zilimfikia Baba wakati kaburi limeshaota nyasi. Alikuwa akisema hilo mara chache, lakini kila aliposema alitazama pembeni. Posa ilipoletwa aliwaachia kaka zake waongee, na walipomgeukia alisema, "Nimeridhia. Sijasema nimefurahi." Kisha akamwambia Dada Eliza mbele ya watu kwamba ukumbini asimtegemee. Atabaki nyumbani na ng'ombe.

Dada hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Baba," akaenda jikoni, na mimi nilimfuata nikamkuta anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Harusi ilipokaribia, Baba alitutoa shambani. "Msichume tena," alisema asubuhi moja. Hakutoa sababu, na nyumbani kwetu Baba hakuulizwa sababu. Vikapu vikatundikwa ukutani. Maua yakafunguka, yakafunguka, mpaka asubuhi moja nilitoka nje ukungu ukiwa umeinuka na kuona mteremko wote umekuwa mweupe, kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye miti ya mipaka. Nilisikia Mama akimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Amesusa. Amesusa hata shamba." Jirani akaguna guno refu.

Basi nikaelewa, kwa akili yangu ile. Baba amemhesabu Dada kuwa amekufa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli, na usiku nilijifunika blanketi mpaka kichwani.

Wiki ya harusi Mama alinichukua, tukashuka mjini kwa lori la mbao, tukafikia kwa Shangazi Yusta pale Kihesa. Shangazi Yusta alikuwa dada mdogo wa Baba, mwanamke mwenye mwili na sauti, na ndiye aliyejiteua kuwa mkubwa wa mapambo. Hakuna aliyempa cheo hicho, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Miaka ile madukani hakukuwa na kitu. Ukiuliza karatasi za mapambo muuza duka alikutazama kama umemwuliza habari za mwezini. Kwa hiyo Shangazi alifanya walivyofanya wote: alipita nyumba kwa nyumba, mpaka Mlandege, akiazima.

"Leteni vitambaa vyenu vya makochi," aliwaambia wanawake. "Hata kile ulichokificha kabatini unasubiri mgeni. Mgeni ndiye huyu."

Vikaja. Vya kufuma kwa sindano, vya kudarizi tausi na mawaridi, cheupe cha mama huyu na cha njano ya mayai cha mama yule. Kila mwanamke alitia uzi wake wa rangi kwenye pembe ili baadaye asichukue cha mwenziwe, na mabishano juu ya nani ana uzi wa bluu yalichukua muda kuliko kuvitandika. Walimu wenzake Dada walikata mashada ya misipresi na kuyafunga milangoni. Vijana wakachimbia migomba miwili kwenye lango. Neno KARIBUNI liliandikwa kwa pamba juu ya shuka la kijani, na mimi ndiye niliyebandika ile herufi ya R kwa uji wa ngano, ikakaa upande kidogo, Shangazi akasema R hiyo imelewa lakini iachwe. Tulikata kurasa za majarida ya zamani tukazigeuza minyororo. Mikono ilinata, watu walicheka, mtu alianzisha wimbo wa kanisani na mwingine akaugeuza wa ngoma. Nilifurahi sana, na kila nilipokumbuka shamba furaha ilinikwama.

Ambokile alifika na ndugu zake kutoka Mbeya. "Mgonile," wakasalimia, "Kamwene," tukajibu, na kila upande ukacheka lugha ya mwenzake. Walileta mchele, ndizi mikungu kadhaa, na ajabu ya maajabu, mabunda ya karatasi za rangi ya waridi, zile laini zenye mikunjo, ambazo binamu yake alizipata kwa kubembeleza kwingi. Zilitosha ukuta mmoja. Shangazi Yusta alizipokea kwa mikono miwili, akazinusa.

"Hizi ni za ukuta wa mbele," alisema. "Nyuma ya meza kuu. Hapo ndipo macho yote yatakapokaa."

Dada Eliza alikuwa ameketi benchi la dirishani akikata minyororo, mimi nikiwa miguuni pake namkabidhi kurasa. Aliuliza bila kuniangalia, "Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Kweli?"

Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa. Nilikuwa nimelibeba jambo lile kwa muda mrefu mno kwa umri wangu. "Dada," nilisema, "shamba limekuwa jeupe."

Mkasi ulisimama. "Jeupe vipi?"

"Lote. Mpaka kwenye miti. Katukataza kuchuma. Mama anasema amesusa."

Aliushusha mkasi mapajani. Uso wake ulibadilika rangi, na mimi nikaanza kulia, maana nilijua yeye naye ni mtoto wa pareto na ameelewa nilichoelewa mimi. Alinivuta akaniketisha karibu naye. Kisha akaniuliza swali ambalo niliona halina maana hata kidogo.

"Yeye mwenyewe anafanya nini asubuhi?"

"Anakwenda shambani."

"Kufanya nini, na hachumi?"

"Anapalilia," nilisema. "Kila siku na jembe lake. Gugu hata moja halimo."

Dada Eliza alinitazama. Kisha alicheka, machozi yakimtoka, na mimi nikaogopa zaidi, kwa sababu nilikuwa nimesikia wanawake wakisema kwamba huzuni ikizidi mtu huchanganyikiwa. Alisimama, akajipangusa kwa pindo la khanga, akaenda moja kwa moja kwa Shangazi aliyekuwa amesimama juu ya kiti na bunda la karatasi ya waridi kwapani.

"Shangazi, hizo weka madirishani. Ukuta wa mbele uacheni."

"Tuuache vipi?"

"Uacheni mtupu."

Shangazi Yusta alishuka kitini taratibu. "We Eliza, meza kuu ikae uchi? Wakwe wanatoka Mbeya waje watazame chokaa iliyobanduka? Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Uacheni, Shangazi. Nimewaomba."

"Kama unasubiri kitu, na kisipopatikana?"

"Utabaki hivyo hivyo, na mimi nitakaa mbele yake hivyo hivyo."

Watu walianza kunong'ona. Ni Ambokile aliyesogea. Alimtazama mchumba wake, akainama kidogo kama kawaida yake, akamwambia Shangazi, "Mama, tumsikilize. Dirishani pia kuzuri." Akachukua karatasi zile kutoka kwapani kwa Shangazi, kwa adabu, akaanza kuzifunga dirishani mwenyewe.

Nililala vibaya. Nilijua mimi ndiye niliyesema, na kwa kusema kwangu Dada amekata tamaa mpaka hataki hata kupamba. Siku hizi nikilifikiria suala lile, naona kwamba dada yangu hakuwa na uhakika hata kidogo. Alikuwa ameshika kitu kimoja tu, habari ya jembe kutoka kwa mtoto anayelia, akaweka aibu yake yote juu yake mbele ya wakwe. Mimi nisingeweza. Sijui ni wangapi wangeweza.

Asubuhi ya harusi ukuta ulikuwa bado mtupu. Chokaa yake ilikuwa na ramani za unyevu, na msumari mmoja ambao zamani ulibeba picha. Dada alikuwa nyumbani kwa Shangazi anasukwa na kuvalishwa. Mimi na Shangazi tulitangulia ukumbini kunyoosha vitambaa vya mezani, na kila Shangazi alipoinua macho kutazama mbele alisonya.

Lori la mbao lilisimama nje. Nilisikia mlango wake, kisha kikohozi ambacho ningekitambua popote. Baba aliingia na koti lake la shamba na buti zenye udongo mwekundu. Nyuma yake utingo alileta tenga, akaleta lingine, mpaka yakajaa sakafu karibu na mlango. Yalifunikwa magunia yaliyoloweshwa maji.

"Kamwene," Baba alisema.

"Kamwene," Shangazi alijibu. "Kumbe u hai."

"Nimeleta mzigo tu. Dereva ananisubiri. Narudi naye."

Shangazi alinyanyua gunia la tenga la kwanza. Yalikuwa maua ya pareto, mabichi, meupe, bado na umande wa kwetu, yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani. Lakini mimi sikutazama maua. Nilitazama chini yake. Kila ua lilikuwa na kikonyo. Si cha urefu wa kucha, kirefu, kirefu kuliko mkono wangu kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, kimekatwa kwa kisu, kwa utaratibu, kimoja kimoja. Hakuna mnunuzi duniani angepokea pareto ile. Hapo ndipo nilipoelewa, polepole, kama mtoto anavyoelewa, kwamba maua yale hayakususwa hata siku moja.

Shangazi Yusta alinyoosha kidole. "Ngazi ile pale. Mimi sipandi, nina goti."

Baba alitazama ukuta. Alitazama madirisha yenye waridi, vitambaa, minyororo, R yangu iliyolewa, kisha akarudi kwenye ukuta.

"Nani aliuacha huu mtupu?"

Shangazi alinitazama mimi. "Dada," nilisema. "Alisema uachwe."

"Alisema lini?"

"Nilipomwambia kwamba unapalilia."

Baba alisimama pale, kofia mkononi. Nje dereva alipiga honi, akapiga tena. Baba alivua koti akalitundika kwenye ule msumari wa picha, akaona halifai hapo, akalitoa, akanipa mimi.

"Kamwambie aende," alisema.

Nilikimbia. Niliporudi alikuwa ameshapanda ngazi, anavuta kamba za katani kutoka upande hadi upande kama tulivyozoea kuzivuta kwenye kibanda cha kukaushia, na Shangazi anampa mafungu kutoka chini. Hakuna aliyesema kitu cha maana. "Juu kidogo." "Hapo pamebaki." "Lete." Walimu walipokuja wakashika na wao, Ambokile akafika na suti yake tayari, akavua koti akashika, ingawa wazee wake walimfokea kwamba bwana harusi hapambi. Baba alimtazama akifunga fundo. "Fundo lako legevu," alimwambia. "Nitakuonyesha." Sijui kama Ambokile alipata baraka nyingine yoyote kutoka kwa baba mkwe wake, lakini alilisimulia fundo lile maisha yake yote.

Kanisani Baba alimsindikiza binti yake akiwa na koti la kuazima, mikono mifupi, na buti zilizopanguswa kwa jani la mgomba. Dada alipoingia ukumbini baadaye, ameshika mkono wa mumewe, alisimama mlangoni. Ukuta wote ulikuwa mweupe na njano, kutoka sakafuni hadi darini. Nilidhani atalia. Alitembea mpaka mbele, akagusa kikonyo kimoja, akamgeukia Baba.

"Baba, vikonyo vyote hivi nani atanunua?"

"Haviuzwi," Baba alisema.

Msimamizi wa bwana harusi alipiga chafya wakati wote wa hotuba yake, kwa maana pareto humkera asiyeizoea, na watu wakawa wanamwitikia "Afya!" kwa pamoja kila mara. Jambo lingine ambalo watu wa Kihesa walilizungumza muda mrefu ni kwamba kwenye pilau ile hakukuwa na nzi hata mmoja.

Watu wengi wakisikia habari hizi husema Baba aliamua tangu mwanzo. Sidhani. Mtu aliyeamua angesema, au angepanda lori na sisi. Nadhani alikataza kuchuma kwa sababu, siku ile, hakuweza kusema ndiyo na hakutaka kusema hapana, na pareto ikishachumwa imechumwa. Akaliacha shamba lisimame, akalitunza, akasubiri moyo wake umfikie. Ulimfikia asubuhi ya mwisho.

Baba amefariki mwaka huu, mzee sana, nyumbani kwake. Habari zilimfikia Dada Eliza Mbeya kwa simu kabla maiti haijapoa, naye alikuwa wa kwanza kufika kati yetu sote, mjane sasa, na fimbo mkononi. Nilimkuta amesimama mbele ya nyumba anatazama mteremko. Baba aliugua muda, hakukuwa na mchumaji, na shamba lote lilikuwa jeupe mpaka kwenye miti. Kwa dakika moja ya kijinga nilidhani Baba ametuachia makusudi tena. Kisha nikatazama chini kati ya mistari. Magugu yalikuwa yamefika magotini.

Ndipo nilipolia, mimi ambaye nilikuwa sijalia njia nzima. Dada alinishika mkono. Baada ya mazishi, wageni walipokuwa wanakula, alivua viatu akaviweka mlangoni, akamwambia mtoto wa jirani amletee jembe la Baba.